Nyumba Yenye Mandhari

Dalali wa nyumba za milimani hauzi nyumba. Anauza mwezi wa Februari. Huyu wetu alitupandisha Mtae, kwenye ncha ya milima ya Usambara, siku ambayo anga lilikuwa limetakata, akatusimamisha ukingoni mwa genge na kunyoosha mkono. Chini, zaidi ya mita 1,000 chini, tambarare za Mkomazi zimejitandaza kuelekea Kenya. Kushoto, milima ya Upare. "Na alfajiri, bosi, ukiwahi kuamka, Kilimanjaro ile pale." Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma yetu. Sikumbuki kama kuna aliyegeuka kuitazama. Mke wangu alikuwa ameshachagua mahali pa kuweka dirisha.

Mtueleweni. Dirisha letu la Tabata linatazamana na ukuta wa jirani, na jirani huanika foronya.

Ardhi ya kijiji, hata hivyo, hainunuliwi kama kuku wa mnadani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi, kwa hiyo siku ilipofika tuliketi kwenye benchi la ofisi mbele ya wajumbe, mtendaji, na wajomba wa muuzaji ambao walizidi kuongezeka kadiri soda zilivyoletwa. Wakataka kujua tutalima nini. Nikasema hatulimi, tunataka kupumzika na kuangalia.

"Kuangalia nini, baba?" mzee mmoja akauliza.

"Kule bondeni."

Akafikiri kwa muda. "Kuna kitu chako kimeangukia huko?"

Tukaandikiana. Karatasi ilitaja nyumba, choo na kiwanja hadi kwenye masale ya mpaka. Haikutaja miparachichi ya uani, ambayo ni ya shangazi wa muuzaji. Aliipanda mwenyewe kabla mpwa wake hajazaliwa, na kwa maoni yake nyumba ndiyo iliyojengwa kando ya miti yake. Huja kuvuna kukiwa hakujapambazuka vizuri, akagonga dirisha la chumbani na kuomba ngazi. Ngazi ni yetu. Hilo hajawahi kulibishia.

Sasa kuhamia. Kutoka Mombo hadi Lushoto, kupitia Soni, kuna lami ya kona tupu, kama kilomita 33, na dereva wa Fuso letu aliipanda akipiga mluzi. Mbele ya Lushoto mluzi ulikatika. Tulipofika Lukozi mvua ilikuwa imenyesha. Akatazama njia iliyobaki, akatazama matairi yake, akazima injini. Lukozi ni soko la mboga: magari hupanda matupu yakashuka na kabichi na karoti. Gari lililopanda na kochi lilikuwa jambo geni, na likishushwa pale kati ya matenga, watu wawili waliuliza bei kabla sijapata pa kulifunika.

Pikapu ya kukodi ikalifikisha mwisho wa njia ya magari. Kutoka hapo ni kijia cha kuteremka, kwa hiyo vijana wanne wakalitwaa mabegani, na kwa sababu manyunyu hayakukoma, mke wangu akalifunika kwa shuka jeupe. Mimi nikafuata nyuma, kimya, kwa kuwa pumzi ilikuwa imeniishia. Mke wangu nyuma yangu, khanga kichwani kwa ajili ya baridi.

Mzee wa kwanza tuliyekutana naye akavua kofia. Wa pili akatuachia njia, akainamisha kichwa, kisha akaungana nasi. Nikaona ni ukarimu wa Wasambaa. Mbele kidogo mama mmoja akaacha jembe lake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia ni kazi ya Mungu, haina makosa. Nikamjibu amina, nikidhani anazungumzia mvua. Tulipofika mlangoni msafara ulikuwa mrefu, na wanawake kadhaa tayari walikuwa wametua mizigo ya kuni uani. Ndipo shangazi wa miparachichi akauliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa nani kwetu.

Mke wangu akafunua shuka. Nimewahi kuona watu wakifurahi kwamba mtu amepona. Sijawahi kuona watu wakisikitika kwa heshima namna ile kwamba hakuna aliyekufa. Tukawapikia chai. Kuni hatukuzirudisha, maana usiku wa huko unazitaka. Kochi nalo likagoma mlangoni: milango ya nyumba ile ni myembamba, ya kuzuia baridi. Likabaki barazani, na liko huko mpaka leo.

Dirisha je? Fundi alipoonyeshwa ukuta wa upande wa genge alishusha tepu yake. "Mama, huko ndiko upepo unakotoka." Akaeleza kwamba nyumba zote za pale zimeupa ule upande kisogo, na si kwa bahati mbaya. Tukasisitiza. Likawekwa kioo kikubwa, na Juni ukungu ulipofika tukawa na mtazamo mpana kabisa wa rangi nyeupe. Shemeji zangu walipopanda kutoka Dar, mke wangu aliwapanga mbele ya kioo. "Pale ni Mkomazi. Pale, Upare. Kilimanjaro, hapa nilipoweka kidole." Walipiga picha ya kidole.

Usiku nguruwe pori walikuja wakala viazi vyetu. Kitabu cha Habari za Wakilindi kinasimulia jinsi Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alivyowasaka nguruwe waliokuwa wakiwasumbua Wasambaa, nao wakampa nchi aitawale. Zamani nilidhani ni bei kubwa. Siku hizi mtu akinifanyia kazi hiyo ninampa nyumba, kioo kikiwamo.

Shangazi ameliona kochi kuwa la manufaa. Aligeuza tu mkao wake: genge nyuma, kijia mbele, maana kwenye kijia ndiko wanakopita watu, nani ameuza mbuzi, nani amerudi kutoka Tanga. Huniachia nafasi kidogo pembeni. Juzi tulikuwa hapo wakati vijana wanne walipotokeza kwenye kona ya juu na mzigo mrefu uliofunikwa shuka, watu wakifuata nyuma polepole. Nikasimama. Shangazi akanivuta shati nikae, akaweka viganja mdomoni na kuwapigia ukelele:

"Maiti au kochi?"