Una Nafasi, Mwalimu?

Mtaaluma wetu akitaka kukuharibia siku hapigi kelele. Anaingia ofisi ya walimu taratibu, anaitazama ratiba ukutani kana kwamba si yeye aliyeichora, kisha anauliza kwa sauti ya upole: "Mwalimu, una nafasi?" Chaki keshaishika mkononi.

Nafasi! Mbele yangu pana rundo la madaftari ya Kidato cha Pili, zoezi la barua za kuomba kazi, na mwanafunzi mmoja anaomba ualimu "kwa kuwa napenda kupumzika".

Walimu wasiokuwepo wote wana sababu, na hapo ndipo ninapoumia, maana hata wa kumnunia humpati. Wa Baiolojia yuko likizo ya uzazi, siku zake 84 za kisheria. Angejifungua mapacha zingekuwa 100, na mimi sasa hivi ningekuwa bingwa wa figo. Wa Historia kaitwa semina ya mtaala mpya. Wa Jiografia ana barua ya michezo ya UMISSETA, yeye na filimbi yake. Wa Fizikia "yuko njiani" tangu juzi.

Na kwa nini niwe mimi? Kwa sababu nafundisha Kiswahili. Hapa shuleni inaaminika kwamba Kiswahili kinajifundisha chenyewe, kwa hiyo mwalimu wake amekaa bure. Sijawahi kusikia mwalimu wa Hesabu akiambiwa aende kushika kipindi cha ushairi. Yule tunaye mmoja shule nzima, anatunzwa kama yai.

Basi nikatupwa Kidato cha Tatu, Fizikia, vipindi viwili mfululizo, dakika 80, watoto wameshashiba makande. Darasa limefurika (elimu bila ada ya 2016 imetujazia, tunashukuru). Wakashangilia kuniona, na si kwa kunipenda. Mmoja wa nyuma akauliza kwa adabu zote: "Madam, leo tunasoma au tunakaa tu?"

Nikamwambia monita aandike notisi ubaoni. Akatoa daftari la dada yake aliyemaliza shule, akaanza kunakili kanuni ya Ohm, Kiingereza kitupu, mstari kwa mstari. Alipofika chini ya ukurasa akaandika na hii: "Ukitoka pitia dukani ununuwe sukari nusu." Darasa zima likainama, likaandika. Kwa kuwa ndiyo sentensi pekee ya somo langu iliyokuwa ubaoni, nikainuka nikasahihisha tahajia.

Mwenye kipindi aliporudi hakusema hata ahsante. "Umewafikisha wapi, mwalimu?"

"Kwenye sukari."

Wiki hii nami nimeomba ruhusa ya siku moja, nikafuatilie daraja langu halmashauri. Mkuu wa shule akasaini palepale. Nikamuuliza, na vipindi vyangu nani atavishika?

"Kiswahili tena, madam? Monita si yupo?"