Saa Tisa Hadi Saa Tisa na Nusu: Kupumzika (Wote)

Ukitaka kujua kwamba Mkatoliki wa Dar es Salaam hajui kupumzika, mpe siku mbili Bagamoyo, kisha mwache aunde kamati.

Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipokaa Nairobi mwaka 1976 na kuamua kwamba Kanisa lijengwe kuanzia kwenye jumuiya ndogondogo, sisi wa mtaani tunasalishana nyumba kwa nyumba kila wiki, na tumekuwa mabingwa wa mambo mawili: rozari na michango. Wazo lenyewe lilikuwa dogo. Mama mmoja, baada ya sala, alisema watu wamechoka, twende Bagamoyo tukalale. Kabla chai haijaisha tulikuwa na kamati ya usafiri, kamati ya chakula na kamati ya nidhamu, ambayo mpaka leo hakuna aliyeeleza ilikuwa inamdhibiti nani. Ratiba ilipotoka ilijaa karatasi pande zote mbili. Mapumziko yalikuwemo, sina budi kusema haki. Yalipangwa kati ya semina ya malezi na mashindano ya kuvuta kamba, nusu saa.

Katekista akatuchapishia fulana zenye maandishi “Marko 6:31”, pale Yesu anapowaambia mitume waende mahali pasipo watu wapumzike kidogo. Mistari inayofuata hakuichapisha. Humo umati unawatangulia kwa miguu, na siku inaishia kwa watu elfu tano wanaosubiri kula.

Kosta ilikuwa iondoke saa kumi na mbili asubuhi. Iliondoka. Saa ngapi, tuyaache. Tegeta tulikaa kwenye foleni kiasi cha kumaliza rozari na kuanza nyingine, Bunju tukanunua mahindi ya kuchoma, na tulipofika Mapinga ndipo ikagundulika kwamba nyama ipo, viungo vipo, mchele haupo. Kamati ya chakula ilidhani umepakiwa na kamati ya usafiri. Kamati ya usafiri ikajibu kwamba mchele si abiria. Konda wetu, Mwislamu wa Tandika, kijana mpole, alishuka bila kuitwa kwenye kikao, akaingia duka la pili na kurudi na kiroba begani.

Misheni tulipokewa vizuri sana. Mwongozaji akatupitisha kwenye barabara ya miembe, akatueleza jinsi mapadri wa Roho Mtakatifu walivyovuka kutoka Zanzibar mwaka 1868 wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Akatuonyesha mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kutoka kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo, miezi kadhaa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Nikamwona mwenyekiti anapiga hesabu. “Hawa,” akauliza, “walikuwa na kamati ya usafiri?” Hakuna aliyemjibu, kwa sababu mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa amesimama palepale na fulana yake.

Mbuyu ulimeza muda wetu wote uliobaki. Upo pale Misheni, na inasemekana Madame Chevalier alifunga mnyororo hapo mwaka 1895 kwa ajili ya punda wake. Mti ukanenepa ukaula, na sasa zinaonekana pingili chache tu. Kila familia ilitaka picha. Mweka hazina aliutazama kwa makini, akasema huu ndio mfuko wa jumuiya yetu: kikiingia hakitoki. Nadhani alikuwa anajisifu.

Ratiba ilisema saa nne asubuhi ni kuogelea. Tulifika ufukweni tukiwa tumechelewa, watoto wameshavaa maboya, na bahari haikuwepo. Namaanisha hivyo hivyo. Mbele yetu ulitanda mchanga, tope na vidimbwi, ngalawa zimelalia ubavu, na maji yalikuwa mstari mwembamba huko mbali. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, lakini kamati ilikuwa imetazama kalenda ya liturujia, ambayo haina maji kupwa na maji kujaa.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu kivulini alipokea shikamoo zetu zote, moja moja, kisha akasema, “Wanangu, leo bamvua. Maji mtayaona, msiwe na haraka.”

Akina mama wakaona huu ni mchanga mzuri, mtambarare, wa kuinjikia pilau. Wakapanga mafiga chini kabisa, mbali na nyasi, kwa usalama wa moto. Mzee akaja tena. “Sogezeni masufuria.” Mwenyekiti akamshukuru kwa heshima na kumweleza kwamba bado tupo ndani ya ratiba. Mchele wa Mapinga ulikuwa mkaidi, chakula kikaiva saa tisa, kwa hiyo ile nusu saa ya kupumzika ikatumika kupanga foleni na sahani mkononi.

Maji ya bamvua hayapigi hodi. Ulimi mmoja ulikuja ukalamba figa la kwanza, moto ukafanya *tsss*, na kabla mpishi mkuu hajamaliza kusema “Yesu wangu” ulimi wa pili ukabeba mfuniko, matikitimaji mawili na ndala moja ya katekista. Spika ya kwaya iliokolewa kwanza. Pilau ikafuata, imebebwa na wanaume wanne ambao siku zote husema mgongo unawauma. Mzee wa nyavu hakusema kitu. Alipokea sahani yake, akala taratibu, akasifu nyama.

Jumapili baada ya Misa tulipitia Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13. Wenyeji husema ukiuzunguka mbuyu wa pale unaongezewa miaka. Katekista akatuonya vikali kuhusu ushirikina. Baadaye, nilipokwenda kutafuta mtoto aliyepotea, nilimkuta katekista nyuma ya mti, amevaa ndala za kuazima, anatembea. Alisema anatafuta choo. Alikuwa kwenye mzunguko wa tatu.

Kurudi, foleni ya Tegeta ilitupata tena, na hapo ndipo mwili wa kila mtu ulipokubali yaishe. Kamati ya chakula ililalia bega la kamati ya usafiri. Katekista alikoroma. Mwenyekiti peke yake alisimama kwenye njia ya kati, ameshika siti kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono mwingine, tayari kufungua kikao cha tathmini.

“Tumsifu Yesu Kristu!”

Kimya. Akarudia, kwa sauti ya kuamsha parokia nzima.

“Milele, amina,” akaitikia konda kutoka mlangoni. “Mwenyekiti, kaa chini, mbele kuna trafiki.”