Miezi 36 ya Baba

Mume wangu alilitumikia jeshi la Marekani miaka 20, na kwa miaka mingi tulilala tukijua ada ya watoto ipo. Alijiunga mwaka 2004 akiwa Houston, kijana wa Tanga aliyefika Texas kwa bahati nasibu ya viza. Akaenda Iraq, akarudi, akaenda tena. Mwaka 2024 akastaafu hapa Killeen, mji unaoishi kwa kambi ya Fort Hood. Kila alipofunga mkoba wa safari alituachia neno lilelile: nirudi nisirudi, hawa watasoma.

Haki ya masomo tuliyoitegemea huitwa GI Bill. Ya kwanza ilitiwa saini na Rais Franklin Roosevelt mwezi Juni 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa, na aliyesomeshwa ni askari mwenyewe. Ya sasa ilipitishwa mwaka 2008 ikaanza kazi Agosti 2009. Askari aliyetumikia miezi 36 baada ya Septemba 11, 2001 hupata miezi 36 ya masomo: ada yote ya chuo cha umma kwa kiwango cha mkazi wa jimbo, posho ya makazi inayolingana na ya sajini mwenye familia katika eneo la chuo, na hadi dola 1,000 kwa mwaka za vitabu. Mwaka wa chuo ni kama miezi tisa, kwa hiyo miezi 36 inatosha shahada moja. Sisi tuna watoto watatu.

Sheria inamruhusu askari kuihamishia familia yake miezi hiyo, akiwa ameshatumikia miaka 6 na akikubali kuongeza mingine 4. Mume wangu alifanya hivyo mwaka 2014, kwenye kompyuta ya kazini. Binti yetu mkubwa akampa miezi 35. Mimi akaniandikia mmoja, kwa kuwa nilikuwa nikisema iko siku nitasomea uuguzi. Kijana wetu, wakati huo mtoto wa miaka minne, akaandikiwa sifuri, maana ofisa aliyekuwa akimwelekeza alisema namba hizo hubadilishwa wakati wowote. Kitinda mimba alizaliwa mwaka 2017. Hakuandikwa kabisa.

Kiangazi cha 2025 binti alipata nafasi katika chuo kikuu cha umma San Antonio. Jioni ile tulikaa mezani sote, na mama mkwe wangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, ili Baba agawe miezi kama inavyogawiwa mirathi, kila mtoto na fungu lake. Alipoandika jina la kijana, mtandao ukakataa. Akaandika tena. Asubuhi akapiga simu, akaongea kwa sauti ya chini sana, nami nikajua kuna jambo.

Ni kweli namba hubadilishwa, hata baada ya kustaafu. Lakini hubadilishwa kwa yule tu aliyepewa angalau mwezi mmoja kabla askari hajaondoka jeshini. Mwenye sifuri hubaki na sifuri. Ambaye hakuandikwa haandikwi tena.

Niliuliza sana kwa nini, na jibu nililolipata nalieleza kwa kila mke wa askari ninayekutana naye. Anayelipa ada ni Idara ya Maveterani, lakini anayeidhinisha kuhamisha miezi ni Wizara ya Ulinzi. Wizara iliupokea mpango huu ili askari wenye uzoefu wasiondoke. Ile miaka minne ya ziada ndiyo bei yake. Kwa jeshi, askari akishavua sare hakuna tena cha kumbakiza. Kwa hiyo dada yangu, kama mumeo bado anavaa sare, au wewe mwenyewe ndiye unayevaa, fungueni ukurasa wa kuhamisha miezi leo. Kila mtoto aandikwe, hata aliye mgongoni, apewe mwezi mmoja. Mengine mtayapanga baadaye.

Binti alipoelewa, alisimama akasema yeye atasoma miaka miwili tu, iliyobaki apewe mdogo wake. Nililia. Baba akamweleza kwamba miezi hiyo inaweza kuja kwangu, au kurudi kwake mwenyewe, lakini kwa mdogo wake haifiki. Kijana akatoka nje kutupa mpira kikapuni peke yake hadi giza likaingia. Bibi ndiye aliyevunja kimya: "Mwanangu, watoto wa tumbo moja, mmoja asome mwingine aangalie? Tafuta njia."

Kabla njia haijapatikana, likazuka la pili. Anayesoma kwa haki hii hutumiwa ujumbe wa simu kila mwezi, ajibu kama bado anahudhuria masomo. Miezi miwili ikipita bila jibu, posho ya makazi husimamishwa. Baba, kwa mazoea ya kubeba kila kitu mwenyewe, alikuwa ameandika namba yake kwenye fomu ya binti. Kisha kaka yake akafariki Tanga, akasafiri na Bibi kwenda msibani, na laini yake ya Marekani ikawa imezimwa muda wote huo. Habari zilitufikia kupitia mwenye nyumba wa San Antonio, aliyempigia binti kumdai kodi.

Wanawake wa Afrika Mashariki hapa Killeen tuna upatu. Zamu ilikuwa ya mama mmoja Mkenya anayefanya kazi hospitali, mwenye mipango yake. Nilipomweleza, alinipisha palepale. Kodi ikalipwa, namba ya simu ikabadilishwa, na malimbikizo yakaja baadaye. Kwa wanafunzi wenye haki hii naongeza la kuangalia: posho ya makazi hulipwa tu kama unachukua zaidi ya nusu ya mzigo wa masomo, na anayesoma yote kwa mtandao hupata nusu ya wastani wa taifa. Binti alitaka kuacha somo moja la kemia lililomshinda. Tulimwambia asiguse kitu kabla ya kuuliza ofisi ya chuo inayopeleka taarifa zake Idara ya Maveterani, kwa sababu kuacha somo katikati ya muhula kunaweza kuzaa deni.

Njia ya kijana ilitoka kwa jirani, askari mstaafu mwenzake Baba. Texas ina sheria yake, Hazlewood. Aliyeingia jeshini akitokea Texas na kuondoka kwa heshima hupata krediti 150 bila kulipa ada katika vyuo vya umma vya jimbo, na asizozitumia anaweza kumpa mtoto mwenye miaka isiyozidi 25, mmoja kwa wakati mmoja. Haitoi posho ya makazi wala fedha za vitabu. Lakini shahada huchukua kama krediti 120, na kijana anaweza kulala nyumbani, kwani chuo kikuu cha umma kipo hapahapa Killeen.

Ilihitajika hati ya DD-214, inayoonyesha alipoingilia jeshini. Haikuonekana. Tulipindua makabati, gereji, hata masanduku ya Krismasi. Mume wangu alishaanza kujaza maombi ya nakala kwenda kwenye hifadhi ya kumbukumbu za askari kule St. Louis, mahali palipoungua mwaka 1973 na kuteketeza majalada ya mamilioni ya wanajeshi wa zamani. Yake ni ya juzi, ingepatikana, lakini hatukutaka kusubiri. Tukampigia Bibi Tanga. Alijibu kwa utulivu kwamba karatasi yenye mhuri aliiona inazagaa, akaikunja kwenye kanga, akaiweka chini ya sanduku lake alilotuachia. Ilikuwepo. Mahali pa kuingilia jeshini: Houston, Texas.

Amebaki kitinda mimba. Kaka yake akimaliza, zitabaki kama krediti 30, mwaka mmoja wa chuo. Iko haki nyingine, ya watoto wa askari aliyelemaa kabisa na kwa kudumu kutokana na utumishi: kila mtoto hupata miezi 36 yake mwenyewe, fedha zikimfikia mwanafunzi kila mwezi. Mume wangu hashuki ngazi bila kushika ukuta, na masikio yake huvuma usiku kucha. Miaka yote alikataa kudai, akisema wako waliorudi bila miguu. Ni mama yake aliyemwambia kwa simu, mimi nikisikia: "Goti lako uliliacha kazini kwao, mwanangu. Kusema linauma si kuomba."

Ameshapimwa masikio na magoti, na madai yamepelekwa. Labda kiwango hakitafika asilimia 100; magoti peke yake mara nyingi hayafiki, na sitaki watoto wamuombee baba yao alemae zaidi. Kwa hiyo nimeongeza jina la pili kwenye upatu, la kitinda mimba.