Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mfumo, Mtunza Visanduku

Kwa Mheshimiwa Mfumo wa Kesi za Uhamiaji,
Washington, pamoja na matawi yake yote, ya juu ya ardhi na ya pangoni.

YAH: KISANDUKU CHA MWAKILISHI

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii imeandikwa kwa Kiswahili kwa sababu wateja wa Mheshimiwa wanaoizungumza lugha hii si haba. Katika mwaka wa fedha 2023, Wakongo zaidi ya 18,000 walipokelewa Marekani kama wakimbizi, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Wengi wao walitoka na Kiswahili chao Uvira na Fizi, wakakaa nacho miaka kambini, na sasa wanakitumia kuulizana kwenye vituo vya basi vya Kentucky na Iowa: hivi, ile barua ya uhamiaji ilisema nini?

Kwanza kabisa, pongezi. Wapo wachumba wanaooana wakijuana kidogo kuliko Mheshimiwa anavyomjua wakili. Fomu yake G-28, ambayo wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa huijaza ili atambuliwe kwenye jalada la mteja, inataka jina la ukoo, jina la kwanza, jina la kati, mtaa, ghorofa, simu ya mchana, simu ya mkononi na barua pepe. Inataka namba ya uwakili na jina la chombo kilichotoa leseni. Inamtaka mhusika atamke kama yuko chini ya amri yoyote ya kumsimamisha au kumfuta. Na pamoja na kujua yote hayo, bado inauliza namba ya faksi, kama anayo. Vijana wa Kariakoo wanaouza kila kitu chenye waya wakisikia neno hilo, itabidi wampigie baba simu awaeleze.

Ukiteremka chini kidogo, fomu inauliza uwakilishi huu ni mbele ya nani: Huduma za Uraia na Uhamiaji (USCIS), askari wa uhamiaji (ICE), au forodha na mipaka (CBP)? Vyombo vyote vitatu viko chini ya Idara moja ya Usalama wa Ndani, iliyoanza kazi Machi 2003. Vimelala kitanda kimoja, lakini maelekezo yako wazi: chagua kisanduku kimoja tu.

Tuseme kuna mama mmoja, wa mfano tu. Alizaliwa Uvira, akakaa miaka kumi na mitano Nyarugusu, Kigoma, na sasa anafungasha kuku kiwandani Kentucky. Mwaka mmoja baada ya kufika, sheria inamtaka aombe kadi ya kijani kwa fomu I-485. Ana watoto watatu waliobaki nyuma, na ndani ya miaka miwili ya kufika kwake anatakiwa awaombee kwa fomu I-730, kila mtoto na yake. Shirika la msaada limempatia mwakilishi. Kwa kuwa G-28 hufuata ombi, mwakilishi yule anajitambulisha kwa Mheshimiwa mara nne: jina lilelile, mtaa uleule, simu ileile, faksi ileile asiyokuwa nayo. Mara nne anasaini yeye, mara nne anasaini mama.

Ikitokea saini moja imesahaulika, Mheshimiwa hagombi. Ombi analipokea vizuri, mwakilishi ndiye anayemfuta. Kesi inaendelea kana kwamba mama hakuwahi kuwa na mtu. Barua ya kudai vielelezo zaidi inakwenda nyumbani kwa mama peke yake, kwa Kiingereza, yenye tarehe ya mwisho ya kujibu. Mwakilishi ofisini kwake anaamini kimya ni dalili njema.

Majina nayo yana vituko vyake. Kisanduku cha jina la ukoo kinadhani kila familia ya duniani ina jina moja ambalo baba, mama na watoto wanalivaa kama sare ya shule. Kongo, mtoto aghalabu hupewa jina lake mwenyewe, la babu au la tukio lililoambatana na kuzaliwa kwake. Mama na watoto wake watatu wakiingia kwenye mfumo, wanaonekana watu wanne wasiojuana. Ongeza tarehe za kuzaliwa: mkimbizi asiye na cheti mara nyingi huandikiwa tarehe 1 Januari, hivyo kuna familia ambazo kwenye kompyuta zilizaliwa zote Mwaka Mpya. Kumweleza ofisa kwamba huyu ni mtoto na yule ni mama ndiyo kazi ya mwakilishi. Yule aliyefutwa.

Mama huyu ana mpwa. Yeye hakupitia kambini. Alipitia Brazili, akavuka msitu wa Darién kwa miguu, akaingia kupitia mpaka wa Meksiko, njia waliyoipita mamia ya Wakongo na Waangola waliofika Portland, Maine, mwaka 2019, wakalazwa kwenye ukumbi wa michezo. Kesi ya mpwa iko mahakama ya uhamiaji, na mahakama hiyo haiko chini ya Idara ya Usalama wa Ndani. Iko chini ya Wizara ya Sheria, katika ofisi iitwayo EOIR, iliyoundwa mwaka 1983. Huko G-28 haisomeki. Wakili anajiandikisha upya, anajaza fomu EOIR-28, na tangu Februari 2022 analazimika kuwasilisha kwa mtandao, katika mfumo usio ule wa shangazi yake. Mpwa akishindwa na kukata rufaa, EOIR-28 nayo imemaliza kazi yake. Rufaa inataka EOIR-27.

Hapa Mheshimiwa anastahili sifa ya usanii. Kwa miaka mingi mawakili walizoea kuichapa G-28 kwenye karatasi ya bluu, EOIR-28 kwenye ya kijani na EOIR-27 kwenye ya njano. Ukizipanga pamoja na wino mweusi juu yake, unapata rangi zote za bendera ya Tanzania. Balozi yeyote angeguswa.

Anwani ni hadithi hiyohiyo. Mpwa akihama chumba, Idara ya Usalama wa Ndani inataka taarifa ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11. Mahakama inataka taarifa yake ndani ya siku 5 za kazi, kwa fomu EOIR-33. Kumwambia mmoja si kumwambia mwenzake. Mpwa akijaza ile ya kwanza na kurudi nyumbani akijipongeza, wito wa mahakama unakwenda chumba cha zamani, na asipofika, jaji anaweza kuamuru aondolewe nchini bila kuwepo. Jambo pekee ambalo mfumo mzima ulitakiwa ulijue, kwamba kijana kahamia mtaa wa pili, lilikuwa limeshaandikwa na kuhifadhiwa vizuri kabisa, kwa jirani.

Na asidhani Mheshimiwa kwamba kufika kwenyewe kunatosha. Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Pereira dhidi ya Sessions, iliamua kwamba wito usiotaja saa na mahali si wito unaotakiwa na sheria. Vyombo vikatii kwa namna yake: wito ukaanza kubandikwa tarehe, ziwe za kweli zisiwe. Baadhi ya watu walipangiwa kufika tarehe 31 Septemba, siku ambayo kalenda haijawahi kuiona. Tarehe 31 Januari 2019 foleni zilijipanga nje ya mahakama katika miji kadhaa, watu wamevaa suti za kuazima, watoto mgongoni, kwa ajili ya vikao ambavyo havikuwamo kwenye orodha ya jaji yeyote. Aliyekuwa na wakili aliweza kumpigia simu amuulize. Asiye naye alimuuliza mlinzi wa getini.

Mheshimiwa asije akasema tatizo ni umaskini wa vifaa. Mfumo wa kielektroniki uitwao ELIS, jina linalokumbusha kisiwa cha Ellis walikopokelewa wahamiaji wa zamani, ulizinduliwa Mei 2012. Mwishoni mwa 2015 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba fedha zilizotumika zimepita dola bilioni 1, na kati ya fomu karibu 100 iliyopatikana mtandaoni ilikuwa moja. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa idara yenyewe alibaini kwamba kadi za kijani zisizopungua 19,000 zilitolewa zikiwa na makosa au mara mbili kwa mtu mmoja. Waliostahili ukaazi wa masharti wa miaka 2, zaidi ya 2,400, walipewa kadi za miaka 10. Watu hao hawakulalamika sana.

Kuhusu kumbukumbu za karatasi, sifa zitolewe tena. Majalada ya A, yaliyoanza kufunguliwa Aprili 1944, kila moja na namba yake ya mhamiaji, mengi yake yanatunzwa Lee's Summit, Missouri, chini ya ardhi, ndani ya machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa. Ni pango, kwa Kiswahili kisicho na adabu. Mchwa hawafiki, mafuriko hayafiki. Wakati wa UVIKO-19 hata makarani ikawa shida kufika kwenye maghala kama hayo ya serikali, na watu waliobakiza hatua moja tu kula kiapo cha uraia wakasubiri miezi na miezi jalada litoke chini kuja juu.

Sasa kisanduku chenyewe.

Mheshimiwa amekitengeneza kwa uangalifu mkubwa, na mara nyingi hakina kitu ndani. Watafiti Ingrid Eagly na Steven Shafer walipochambua kesi zaidi ya milioni 1.2 za mahakama za uhamiaji, zilizoamuliwa kati ya 2007 na 2012, walikuta waliokuwa na wakili ni asilimia 37. Kwa walioshikiliwa mahabusu, asilimia 14. Sheria haiwanyimi. Kifungu cha 292 cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia kinampa kila anayekabiliwa na kuondolewa nchini haki ya kuwa na wakili, kisha kinaongeza maneno machache: bila Serikali kugharamika. Ni kama mwenye harusi anayekutumia kadi ya mwaliko yenye maua na dhahabu, chini ameandika kwa herufi ndogo kwamba pilau utakuja nayo.

Mtoto naye yumo kwenye mwaliko huo. Katika shauri moja lililohusu watoto wasio na mawakili, jaji mwandamizi wa uhamiaji aliyehusika na mafunzo ya wenzake alieleza chini ya kiapo kwamba amewahi kuwafundisha sheria ya uhamiaji watoto wa miaka mitatu na minne, kwamba inachukua muda na subira, lakini wanaelewa. Maelezo yake yalipotoka magazetini mwaka 2016 alisema yamenukuliwa nje ya muktadha. Walezi wa chekechea Buguruni, ambao mwezi wa tatu sasa wanawafundisha wa umri huo kuvaa kila kiatu mguu wake, wangefurahi kupewa muktadha huo.

Penye kisanduku kitupu hujitokeza wa kukijaza. Tanzania huitwa vishoka. Huko Marekani wenzao wa Kilatini huwaita notario, neno ambalo katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini ni la mwanasheria wa kweli, na Marekani ni la mtu mwenye muhuri tu. Kishoka ana tabia moja inayomfaa sana Mheshimiwa: hajiandikishi. Hajazi G-28, hana namba ya uwakili, faksi yake haijulikani. Anajaza ombi la mtu, anachukua dola zake, na kwenye mfumo panasomeka kwamba mwombaji hana mwakilishi. Ombi likiharibika, aliyesaini ni mwombaji, na anayeulizwa ni mwombaji.

Kinachoshangaza ni kwamba kanuni zenyewe zina mlango mzuri. Ukiacha mawakili na wawakilishi wa mashirika yaliyotambuliwa na Wizara ya Sheria, zinamruhusu pia mtu mwenye sifa njema aliyejuana na mhusika tangu kabla, iwe ndugu, jirani, rafiki au kiongozi wa dini, amsimamie bila malipo, ofisa au jaji akikubali. Mwandishi wa kanuni hiyo ni kama alipata kuishi Ujiji. Lakini mchungaji wa Kikongo anayewasindikiza waumini wake kwenye usaili kila mwezi, mlango huo hajaambiwa kama upo. Yeye huketi nje kwenye benchi, ameshika koti la mwenzake.

Kwa unyenyekevu, basi, Mheshimiwa anaombwa mambo manne. Mwakilishi aliyejiandikisha mara moja asomeke kote, kwa shangazi na kwa mpwa, USCIS na mahakamani. Saini ikikosekana, mwakilishi aarifiwe kabla hajafutwa. Anwani iliyotolewa dirisha moja ivuke korido iende dirisha la pili. Na kisanduku cha mwakilishi kikiwa kitupu huku mwenye jalada akiwa na miaka minne, pasiwepo kitufe cha "endelea".

Kisanduku cha faksi kinaweza kubaki, kwa heshima ya wazee.

Wako mtiifu,
Mwandishi wa barua hii, asiye na namba ya uwakili

Viambatisho: G-28, nakala nne, EOIR-28, nakala moja, EOIR-27, nakala moja, kwa tahadhari.

Nakala kwa: Jalada A, pangoni, Lee's Summit, Missouri. Ipelekwe kwa mkono. Faksi imeita bila kupokewa.