Barua kutoka El Paso: Bingwa Aliyegeuka Karani

Kocha wa michezo katika chuo kikuu cha Marekani ni mwajiriwa mwenye ofisi, kompyuta na kabati la mafaili. Filimbi anayo, ila huipuliza mara chache kuliko anavyopiga sahihi. Jambo hili huwatatiza walioko Nakuru, ambako bingwa akishatundika viatu hutarajiwa kununua shamba upande wa Njoro, kujenga nyumba za kupangisha na kuketi meza kuu kwenye kila harambee. Marekani bingwa huandikwa kazi, na Jumatatu asubuhi anatakiwa afike.

Wanamieleka walitangulia kuipita njia hiyo. Mieleka ya vyuo si ile ya kwenye televisheni: hakuna anayepigwa kiti cha mgongo, na refa hurudi kwake mzima. Dan Gable alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972 bila mpinzani yeyote kuambulia hata pointi moja. Kisha akainoa timu ya Chuo Kikuu cha Iowa kuanzia 1976 hadi 1997, na kuipatia mataji 15 ya vyuo.

Kwa watu wa Bonde la Ufa, mfano wa karibu ni Paul Ereng, mzaliwa wa Kitale aliyesoma shule ya Starehe kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Virginia. Alikuwa mkimbiaji wa mita 400. Mwaka 1988 alihamia mita 800, na mwaka huohuo, akiwa na miaka 21, akashinda Olimpiki ya Seoul kwa dakika 1:43.45, mbele ya Joaquim Cruz na Saïd Aouita. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika mbio hizo. Mwaka 1989, mjini Budapest, aliweka rekodi ya dunia ya ndani ya ukumbi, 1:44.84.

Mwaka 2003 Ereng alikabidhiwa timu ya mbio za nyika ya Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, UTEP kwa kifupi. Chuo hicho kilikuwa kimezoea wageni wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970. Mmoja wao ni Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyepata fedha ya mita 5000 mjini Moscow mwaka 1980.

Mgeni kutoka Nakuru hahangaiki sana kuuzoea mji huo. Jina la Nakuru huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, na El Paso, mji wa jangwani, nao hufunikwa na vumbi upepo wa Machi unapovuma. Badala ya mlima Menengai kuna milima ya Franklin. Majengo ya chuo yana mapaa ya mtindo wa Bhutan, kiasi kwamba picha ya kwanza inayotumwa nyumbani huzua swali kama kijana ameingia utawa. Sweta nzito zilizofumwa na shangazi hulala sandukuni, kwa kuwa kiangazi joto hupita nyuzi 38. Ng'ambo ya mto ni Mexico, hivyo aliyetarajiwa kurudi akiongea Kiingereza cha puani huweza kurudi na Kihispania.

Kazi yenyewe ya kocha huanza na hesabu. Kwa miaka mingi, hadi 2025, sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliruhusu skolashipu 12.6 kwa timu ya riadha ya wanaume katika daraja la kwanza, na 9.9 kwa mieleka. Mieleka ina madaraja 10 ya uzito, kwa hiyo sehemu moja ya kumi ya mwanamieleka ilibidi ijilipie karo. Makocha walizikatakata skolashipu hizo kama keki ya harusi yenye wageni wengi. Mzazi aliyeambiwa kuwa mwanawe amepata asilimia 40 aliuliza, kwa haki kabisa, zile 60 zimebaki kwa nani.

Kisha kuna mizani. Kama vile lori lisivyopita Gilgil bila kupimwa, mwanariadha hapiti bila vyeti: masomo 16 ya msingi ya sekondari, na wastani wa alama usiopungua 2.3. Akishapita, mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki msimu wa mashindano, na siku moja awe huru. Kwa aliyekulia kwenye kambi za wakimbiaji, hayo yanakaribia likizo. Anayekosa pumzi ni kocha, anayekagua alama za darasani, viza na tarehe za mitihani.

Matokeo ya ukarani huo yalionekana. Anthony Rotich wa UTEP alishinda mbio za kuruka viunzi na maji za vyuo mwaka 2013, 2014 na 2015. Emmanuel Korir, naye wa UTEP, alishinda mita 800 za vyuo mwaka 2017, ndani na nje ya ukumbi. Tarehe 4 Agosti 2021, Korir akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo kwa 1:45.06, katika mbio zilezile alizoshinda kocha wake miaka 33 nyuma. Muda bora wa Korir, 1:42.05 wa London mwaka 2018, ni wa kasi kuliko wowote wa Ereng. Kwa fainali za Olimpiki pekee, mwalimu bado anaongoza kwa sekunde 1.61.