Jogoo wa Butere Anakwenda Lugari kwa Treni

Mtu wa Mombasa akisikia kwamba mji wa Kakamega hauna stesheni ya treni, hukupa pole kwa sauti ile ya msibani. Pole hiyo inauma kwa sababu huna la kujibu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, ikawa ya nne nchini nyuma ya Nairobi, Kiambu na Nakuru, na hizo tatu zote treni inazifahamu. Wapo wenyeji wasiokubali kushindwa, watakaokukumbusha kwamba kaunti ina reli, tena mbili: moja inatoka Kisumu na kuishia Butere, nyingine inapita Lugari ikielekea Malaba. Wasemayo ni kweli. Ila reli hizo mbili hazijawahi hata siku moja kusalimiana ndani ya kaunti, na makao makuu yake yamekaa katikati yakisikiliza honi za matatu.

Chukulia kwamba mzee wa Butere ana jogoo wa kuwapelekea wakwe zake Lugari, kaapa kwamba safari hii hapandi gari, na treni zote zinatembea (dhana ya ukarimu mkubwa, kwani hata ile ya abiria ya kutoka Nairobi hadi Kisumu ilirudishwa Desemba 2021 baada ya kukosekana kwa miaka). Kwa barabara angekula chakula cha mchana ukweni. Kwa reli itambidi aanze kwa kuipa Lugari kisogo: Yala, Luanda, Maseno anapovuka ikweta, kisha Kisumu. Kutoka hapo ana kilomita 217 hadi Nakuru, akipanda kutoka usawa wa ziwa hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, halafu ateremke Bonde la Ufa na kupoteza sehemu ya kimo alichokipanda kwa jasho. Nakuru ashike njia ya Eldoret, avuke ikweta mara ya pili, apande upya hadi Timboroa, ambako reli inapita juu kuliko hata pale Mau Summit, ateremke tena Eldoret, Turbo, ndipo aione Lugari. Mzee atakuwa amesafiri zaidi ya kilomita 400, amekwea milima miwili na kuvuka ikweta mara mbili, na bado yuko Kaunti ya Kakamega. Jogoo naye atakuwa amewika katika kaunti za watu hadi sauti imekauka, na wakwe watajiuliza kama huyu ni wa kuchinjwa au wa kustaafishwa.

Utetezi unaopendwa ni milima. Huambiwa kwamba kati ya Kisumu na Kakamega kuna vilima vya Maragoli, na treni haipendi vilima. Hapa lazima nikiri kwamba hoja ina utamu wake, maana treni ni kiumbe cha ajabu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina msuguano mwingi, na ndiyo sababu kichwa kimoja huvuta mzigo ambao ungehitaji msururu wa malori. Lakini neema hiyo hiyo ndiyo laana yake: njia ikiinuka, au ikilowa mvua, magurudumu huzunguka bure palepale. Ndiyo maana kichwa cha treni hubeba mchanga, na dereva huunyunyiza mbele ya magurudumu ili yapate pa kung'ang'ania. Kwa hiyo mhandisi wa reli huogopa mwinuko. Mita 2 kwa kila mita 100 za njia tayari ni mteremko mkali. Sasa tufanye hesabu. Kakamega iko juu ya Kisumu kwa kama mita 400. Kwa mwinuko huo, kilomita 20 za reli zinatosha kuumaliza mlima, na barabara yenyewe ina kama kilomita 50. Mafundi wa mwaka 1900 waliteremsha mabehewa kwenye ukingo wa Kikuyu kwa kamba, la mzigo likishuka huku likivuta tupu kupanda. Waliofanya hayo hawakushindwa na Maragoli.

Wengine husema hapakuwa na haja. Reli ilikuwa inakwenda Uganda, na Desemba 1901 ilifika Kisumu, ambayo kweli ilikuwa Uganda wakati huo. Aprili 1902 mpaka ukasogezwa, na Reli ya Uganda ikajikuta inaishia nje ya Uganda bila kung'olewa msumari. Mpaka ulihama, basi, kwa wino tu. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, wino ulitembea tena. Sheria ya mwaka 1930 iliwaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ikichukuliwa watapewa nyingine badala yake, na baraza lao litaulizwa. Desemba 1932 ahadi hiyo ilifutwa ili machimbo yaendelee. Reli, ambayo mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1930 ilikuwa imeshafika Butere, haikusogea. Hapo sicheki. Serikali iliyoweza kuvunja ahadi kwa haraka hivyo isingeshindwa kulaza mataruma. Dhahabu ilibebeka kwa gari, na wenyeji hawakuhesabiwa kuwa mzigo wenye faida.



Na anayesema matatu zinatosha aulize miwa, mahindi na mashimo ya barabarani. Basi wanaochora njia za reli za magharibi waongeze kipande kimoja tu: Butere, Kakamega mjini, Lugari.