Njia ya Mwongo

Kwa miaka sita gari langu halikuzeeka. Nambari za kilomita kwenye dashibodi zilisimama 87,412, zikatulia hapo kama mtu aliyepata kivuli. Tulikwenda Malindi harusini: 87,412. Tukarudi na pilau ya kufungiwa: 87,412. Fundi akiniuliza oili ilibadilishwa lini, nilimwonyesha mita tu. Kilomita elfu tano hazijatimia, fundi. Nazo hazingetimia mpaka Kiyama. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa na urefu wowote.

Aliyeniharibia ni mke wangu.

"Bwana," aliniambia siku moja tukiwa foleni ya daraja la Nyali, "gari hili limekwenda Malindi mara nne, kwenda na kurudi, na halijatembea hata kilomita moja. Hiyo ni karama, au mita imekufa?"

Nikamjibu kwamba mita ya gari la Kijerumani haifi, hupumzika.

"Basi iamshe. Mimi nasikia injini inakohoa."

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 280 SLC ya mwaka 1978: milango miwili, silinda sita, lita 2.7. Nililipenda kabla sijalitia machoni. Mjomba wangu alikuwa mgonjwa wa Safari Rally, na hakuna Idi iliyopita bila kutusimulia ya mwaka 1979, Hannu Mikkola alipokuja na 450 SLC, ndugu mkubwa wa langu mwenye V8 ya lita 5, akamaliza wa pili nyuma ya Datsun ya Shekhar Mehta. Mwaka uliofuata Vic Preston Mdogo akawa wa tatu kwa gari la ukoo huohuo. Kwa mjomba, kuwa wa pili nyuma ya Mehta ni sawa na kuwa wa kwanza kwingine kokote. Basi nami nikanunua mjukuu wa mashujaa, nikawa namtuma Kongowea kubeba viazi.

Jumamosi asubuhi nililiegesha chini ya mwarobaini pale nyumbani Tudor, nikafungua waya wa betri, nikaketi kwenye usukani na fulana na kikoi cheupe kipya alichoniletea mke wangu kutoka Lamu. Nilidhani kazi ni ya nusu saa.

Mimi najua kitu cha gari hushikwa na skrubu. Nilizitafuta skrubu hizo na tochi mdomoni mpaka udenda ukanitoka. Hakuna hata moja. Ule ubao wote wa mita, na duara zake tatu, umeshikwa na mpira tu, umebanwa ndani ya tundu la dashibodi kama kizibo kwenye chupa. Wanaojua hukunja waya mbili ncha zikawa kama ndoana, wakazipenyeza ubavuni, moja kushoto na moja kulia, kisha wakavuta polepole. Waya nilizipata kabatini: henga mbili. Nguo zilizokuwa juu yake ni kesi nyingine, na hukumu yake ilishatolewa.

Neno nililolisahau ni polepole. Ubao ulitoka inchi moja, ukagoma. Nikajua ni ukaidi wa uzee. Nikakaza mguu sakafuni, nikavuta kama anayepandisha kolekole mtumbwini. Nikasikia "tak!" na wote ukaniangukia mapajani.

Nyuma yake kulining'inia waya za umeme, kebo ya mwendo, na kimrija chembamba cha plastiki kilichokatika kama bua kavu. Joto la Mombasa la miaka zaidi ya arobaini lilikuwa limekikausha. Nikakitazama, nikaamua ni cha maji ya kuoshea kioo. Kwa nini maji ya kioo yazunguke nyuma ya mita, sikujiuliza. Mtu akishaamua hatafuti sababu.

Jua nalo likawa limeshazunguka, linanichoma. Nikachomoa zilizobaki, nikauweka ubao kiti cha pili, nikarudisha waya wa betri ili niliwashe gari nilisogeze kivulini. Mita kumi tu.

Liliwaka mara ya kwanza, nikalisifu. Kisha nikahisi kitu chenye uvuguvugu kinanitambaa pajani. Nikatazama chini. Kutoka kwenye kile kimrija cha maji ya kioo ulikuwa unaruka mchirizi mweusi tii, kwa nguvu za mfereji wa mtaa siku maji yanaporudi baada ya wiki mbili. Nikaziba kwa kidole gumba. Ukapita pembeni, ukanipata kifuani. Nikatafuta ufunguo nizime, mkono ukateleza. Mke wangu, aliyekuwa dirishani, anasema nilipiga kelele. Mimi nakumbuka nilisoma dua.

Fundi aliitwa. Mzee wa watu alifika na mkoba wake, akanitazama kuanzia kidevu hadi magotini, akatazama kikoi, akaketi kwanza juu ya ndoo ili acheke vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umejikaanga?"

"Mrija wa maji ya kioo umetoa uchafu."

"Huo si wa maji. Hiyo ndiyo oili yenyewe ya injini."

Akanieleza, na nilisikiliza kama mtoto wa chuo mbele ya bakora. Magari mengi, alisema, hutuma habari ya oili kwa waya wa umeme. Oili haitoki kwake. Hili halitumi mjumbe. Oili yenyewe hupanda kwa kimrija hicho mpaka ndani ya mita. Humo limo bomba dogo lililopindwa. Shinikizo la oili likizidi, bomba hutaka kujinyoosha, na kule kujikunjua kidogo ndiko kunakosukuma mshale kutoka 0 hadi 3. Kimrija hicho hufunguliwa kwa spana, nati yake iko palepale nyuma, kabla ya kuutoa ubao wote.

"Ungeniuliza," akasema.

"Sikutaka kukusumbua, mzee."

"Haya. Umesumbua kikoi."

Jumatatu alileta kimrija kipya, akakifunga kwa dakika kumi, akajaza oili iliyobaki kwenye nguo zangu, akabadilisha na ile ya zamani yote papo hapo bila kuniuliza habari ya kilomita.

Mita ya mwendo yenyewe niliipeleka Mji wa Kale kwa fundi wa saa, maana yule mzee alisema vidole vyake ni vya gia, si vya nywele. Fundi wa saa aliifungua kwenye kitambaa cheupe, akabana lenzi jichoni. Mshale wa mwendo haukuwa na kosa. Huo, alinionyesha, hauguswi na kitu. Kebo huzungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi, sumaku inakivuta kikombe bila kukigusa, na springi nyembamba kama unywele inakizuia kisiende nayo moja kwa moja. Ndiyo maana kwa miaka sita nilijua kasi yangu bila kujua nilikotoka.

Nambari za kilomita ndizo zinazokwenda kwa meno. Akanipa lenzi. Niliona kigurudumu kidogo, si kikubwa kuliko tembe ya dawa, kimelegea kwenye mhimili wake. Mhimili unazunguka, chenyewe kimekaa. Nilikitambua mara moja: nina jamaa wa namna hiyo ofisini. Akakisukuma mahali pake, akaukwaruza mhimili kwa ncha ya sindano upate kushika, akadondosha tone la gundi kwa kijiti cha meno, akashusha pumzi.

"Nikuachie ngapi?" akauliza.

"Ngapi nini?"

"Nambari. Ziko mkononi mwangu. Wengi huniomba nipunguze. Tangu nianze kazi hii hajaja hata mmoja kuniomba niongeze."

Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Malindi kwenda na kurudi ni kilomita 240 hivi. Mara nne, karibu elfu moja. Sijahesabu Kongowea, wala kuwapeleka watoto shule miaka sita.

"Iache hapo hapo," nikasema.

Akacheka ndani ya lenzi. "Hata wewe."

Ubao ulirudi dashibodini kwa maji ya sabuni kwenye ule mpira, mrija ukiwa umefungwa kwanza. Jumapili jioni nikatoka peke yangu. Nikavuka daraja, nikashika barabara ya Malindi, macho kwenye 87,412. Ile 2 ikaanza kuinama, 3 ikachungulia chini yake kama mtoto mlangoni, ikaingia. Nilipiga honi. Kijimita cha safari nacho nilikuwa nimekirudisha sifuri, na kila mita mia nilihisi kama nimepewa chenji. Mshale wa petroli ulikuwa umelala tangu Tudor, na taa yake nyekundu iliwaka tangu Bamburi, nayo ilidhani ninaiona. Karibu na Shanzu, kwenye 14.6, gari likanyamaza.

Vijana wanne wakatokea, kama kawaida yao kutokea.

"Sheli iko wapi?"

"Hapo mbele tu, mzee. Twasukuma. Hamsini kila mita mia."

"Hapo mbele hapazidi mita mia tatu. Nitawapa mia na hamsini, basi."

Mkubwa wao akainama dirishani. "Mzee, mita yako inafanya kazi?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini nilikuwa na siku moja tu ya kujivunia katika miaka sita. "Kama mpya!" nikasema.

"Basi tulipane kwa mita."

Kebo ya mwendo hutoka kwenye giaboksi, upande unaoendesha magurudumu. Magurudumu yakizunguka, nayo yazunguka. Haijali kama ni injini au ni vijana wanne wenye ndala. Nikiwa nimekaa nimeshika usukani, nikaitazama inahesabu. 14.7. Wakashangilia. 14.8. Wakashangilia. Ilipofika 15.9 tukaingia sheli. Mita elfu moja na mia tatu, shilingi 650, na shahidi wao ni mita niliyomlipa fundi wa saa mimi mwenyewe aitie gundi.

Nilifika nyumbani usiku. Mke wangu akaja na tochi, akachungulia dashibodini.

"Thelathini na moja na nukta nane," akasoma. "Mashallah. Na injini imekwenda zote hizo?"

"Karibu zote," nikasema.